Springi Nne za Jirani Yangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa pumzi ya asubuhi hii kabla sijaiomba, aliyezisimamisha mbingu juu ya vichwa vyetu, kisha akampa mwanadamu vidole vya kushikia vitu vidogo. Sala na amani zimfikie Mtume wake, ambaye hata wale waliokataa maneno yake walimwekesha mali zao, kwa kuwa walijua watazikuta.

Baada ya hayo. Nina springi nne ndani ya kopo la dawa ya viatu. Si zangu. Nataka kueleza zilivyonifikia, maana siku hizi nasahau hata majina ya dawa ninazomeza, na jambo hili sipendi lipotee.

Kazi yangu ilikuwa saa. Asubuhi nilisomesha chuo cha Kurani, na baada ya adhuhuri nilikaa katika kibanda changu Ukunda, karibu na njia panda ya kwenda Diani, na kioo cha kukuzia jichoni. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, saa za betri zilikuwa zimejaa kila mahali, na watu walizitupa zikifa badala ya kuniletea. Zilikuwapo siku nilizofungua kibanda, nikapangusa vumbi, nikavuta nyiradi zangu mpaka alasiri, nikafunga, na mtu pekee aliyesimama mbele yangu alikuwa ametaka kujua ni saa ngapi. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti zangu wawili walikuwa wameolewa, mmoja Tanga na mwingine Jego, na kila mmoja ana nyumba yake ya kushughulikia. Sikuwa na njaa wala deni wala maradhi, alhamdulillahi. Nilikuwa sina wa kuzungumza naye tu.

Ndipo jirani yangu alipokuja kuazima bisibisi.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwenye shamba la skimu ya makazi ya serikali lililopakana na kiwanja changu. Alifanya kazi ya kutengeneza pampu za maji na mashine za baridi katika hoteli moja ya ufukweni. Kwa umri nilimzidi miaka kumi na mitano hivi. Tulikuwa tukisalimiana juu ya ua kwa miaka, yeye akipalilia mihogo, mimi nikienda msikitini, na salamu haikuzaa kitu kingine.

"Shikamoo, Maalim. Una bisibisi ndogo kabisa? Ile ya saa?"

"Marahaba. Saa gani hiyo?"

"Si saa. Ni gari."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akafungua mfuko wa plastiki, akanitolea gari la urefu wa dhiraa moja, magurudumu manne yametoka nje ya mwili kama miguu ya kaa, na kila gurudumu lina springi yake, na ndani ya kila springi kijibomba chembamba chenye mafuta. Vijibomba hivyo mafundi huviita shoki. Gari liliendeshwa kwa rimoti, na lilikwenda mbio kuliko mbwa. Alipewa na mgeni mmoja mzee wa hotelini, aliyekuwa akija nalo kila mwaka, hata mwaka mmoja akamwambia hatakuja tena, akamwachia.

Kumbe walikuwapo watu waliokutana mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, katika machimbo ya zamani ya changarawe nyuma ya Diani, wakishindanisha magari kama hayo. Wazungu wawili watatu waliohamia pwani, vijana wa hotelini, na mwuza vipuri mmoja wa Mombasa aliyevuka feri na magari mawili ndani ya pikapu yake. Jirani yangu alikwenda misa ya kwanza, kisha akaenda machimboni. Tangu siku ya bisibisi, nami nikawa nakwenda.

Alinifundisha namna ya kulisoma gari. Uliinue nyuma kwa kidole, uliachie lianguke kutoka kimo cha shibiri, utazame linavyotulia. Likigonga chini kwa tumbo, springi ni laini mno. Likiruka tena juu kama lililoguswa na moto, mafuta ya shoki ni mepesi, hayaizuii springi. Likikataa kushuka kabisa, ni gumu, na kwenye mashimo litarukaruka kama debe linaloburutwa. Kimo cha tumbo kutoka chini alikipima kwa viberiti viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine.

Springi nilizijua. Niliishi nazo umri wangu wote, ila zangu zilikuwa za unene wa unywele. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na la kumfundisha.

"Wewe unabadilisha vitu vitatu kwa mara moja," nilimwambia. "Likipona hujui dawa ni ipi."

"Na ikizidi kuumwa?"

"Hujui pia."

"Ungekuwa daktari, Maalim, wagonjwa wangefia kwenye foleni."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Yeye akiharakisha, mimi nikizuia. Springi na shoki, nilimwambia siku moja, akacheka mpaka akaangusha nati ndogo, tukaitafuta mchangani hadi adhana ya magharibi.

Kisha ukaja mwaka wa fujo. Watu wa umri wangu huku kusini wanaujua, na sitaki kuuchokonoa. Watu wa bara waliambiwa waondoke pwani. Nyumba zilichomwa, roho zilipotea, hoteli zikabaki tupu. Mke wa jirani yangu na watoto wao walipanda basi mwanzoni kabisa. Yeye alibaki siku tatu akifunga nyumba, na asubuhi ya siku ya nne alisimama mlangoni kwangu na lile gari ndani ya boksi la biskuti. Hakuingia.

"Mnatufukuza, Maalim?"

"Si sisi," nikamjibu.

Ilikuwa kweli. Sikumfukuza mtu, wala nyumbani kwangu hakikutoka kibiriti cha kuchomea nyumba ya mtu. Lakini alibaki ananitazama kama anayengoja maneno mengine, na mimi sikuwa nayo. Lori lilikuwa likimngoja barabarani. Akanipa boksi.

"Niwekee hii. Nikirudi nitaikuta?"

"Utalikuta hivi hivi lilivyo, inshallah."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Akaenda. Nikaingia ndani, nikatandika kitambaa juu ya rafu, nikaliweka gari kwa magurudumu yake, na rimoti kando. Katika nyumba ile kulikuwa na vitu vingi vya watu waliokufa au waliokwenda zao, lakini hicho kilikuwa kitu pekee cha mtu aliyesema atarudi. Nililifahamu jambo hilo wazi tangu siku ile: gari likiwa kwangu, jirani yangu bado hajaondoka moja kwa moja.

Na amana, kama nilivyosomeshwa, haichezewi. Nilimwambia hivi hivi, na mimi nilishika neno langu kama lilivyotoka kinywani. Sikuligusa. Hata betri za rimoti sikuzitoa, kwa kuwa alilileta zikiwa ndani. Niliondoa vumbi kwa kupuliza, nikiogopa kitambaa kisije kikasogeza kitu.

Mvua zikaja, zile za El Nino, zikanyesha miezi na miezi. Barabara ya Msambweni ilikatika, choo changu kikabomoka, na watu hawakutoka nje. Upande wa pili wa ua mihogo yake ilikomaa ikawa miti, na majani yakaifunga njia ya kwenda mlangoni kwake. Nilikuwa nimezoea kikohozi chake cha asubuhi. Hamtaamini namna mtu anavyoweza kukikosa kikohozi. Nilikuwa nikimaliza sala ya alfajiri, nikakaa kitako nikisikiliza upande ule, kisha nikajikumbusha.

Barua moja tu ilikuja, kusema wamefika salama kwa ndugu zao. Nilijibu. Kisha kimya.

Mvua zilipokatika, jua la kwanza la maana lilipopiga dirishani, niliona kwamba gari limeinama. Limekaa upande, bega la nyuma la kushoto limeshuka, kama mzee aliyechoka kungoja zamu hospitalini. Nikasogea. Kitambaa chini ya gurudumu lile kilikuwa na duara jeusi la mafuta. Shoki ile ilikuwa imevuja yote, mpira wake mdogo wa kuzuia mafuta umekauka ukapasuka. Nilipofungua rimoti, betri zilikuwa zimetapika unga wa kijani na mweupe, umekula vyuma.

Nilikaa juu ya kitanda, nikalitazama. Nilikuwa nimelitunza mpaka likaharibika.

Kwa siku kadhaa sikujua la kufanya. Nikiligusa, nimevunja neno. Nisipoligusa, litakufa mikononi mwangu. Hakukuwa na wa kumwuliza. Mashekhe zangu walikuwa wamekwisha kuzikwa, na vijana wenye elimu wangecheka kusikia mas-ala ya gari la kuchezea. Lakini Mwenyezi Mungu humkumbusha mja wake. Nikiwa natia udhu, lilinijia somo tulilosomeshwa ujanani katika mlango wa amana. Mtu akiwekeshwa nguo ya sufi, akaifungia sandukuni ikaliwa na nondo, anaulizwa, kwa sababu ilimpasa aitandaze ipate hewa. Na ikiwa nondo hawaondoki ila kwa nguo kuvaliwa, basi na aivae. Wakati ule tulilicheka somo hilo chini kwa chini. Kwa joto la pwani hii, nani ana nguo ya sufi? Sasa nilisimama kizingitini maji yakinidondoka kwenye viwiko, nikamwomba shekhe wangu msamaha.

Baada ya kuswali nilitafuta ndimu. Nikausugua ule unga wa betri kwa maji ya ndimu mpaka vyuma vikang'aa. Kisha nikafungua shoki zote nne, nikazipanga mezani juu ya gazeti, kama ninavyopanga saa.

Mpira uliopasuka nikaubadilisha kwa mmoja wa saa za kuzuia maji, lakini mafuta yenyewe yalinishughulisha wiki mbili. Yale ya asili huku hayapatikani. Nilipata mafuta ya shoki za pikipiki kwa fundi wa Ukunda, yakawa mazito mno, nikayapunguza kwa mafuta ya cherehani. Lakini mazito kiasi gani? Katika shoki moja iliyokuwa haijavuja yalibaki mafuta ya zamani, nikayamimina katika chupa ndogo ya dawa. Nikachomoa ushanga mmoja wa tasbihi yangu iliyokatika, nikaudondosha ndani, nikahesabu. Subhanallah saba, ushanga ukafika chini. Nikachanganya ya kwangu katika chupa nyingine ya namna ile ile, mpaka nayo ikapata saba. Nikaandika katika daftari, kwa hati zetu za Kiarabu kama nilivyozoea kuandika mambo yangu.

Halafu ilinibidi nilivae, yaani niliendeshe.

Mbele ya nyumba yangu alikaa mama mmoja muuza viazi vya karai, mjane kama mimi nilivyo mjane, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Maalim! Uzeeni umezaa mtoto wa plastiki?"

"Ni la mtu. Nalitunza."

"Wenzio wanaoa, wewe unacheza gari."

"Nioe nani?"

"Hilo hilo! Mbona wamwosha kila siku kuliko ulivyomwosha marehemu punda wako?"

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka. Nashukuru kwa kicheko kile. Ilikuwa muda sijasikia sauti yangu ikicheka.

Kule machimboni mambo yalikuwa mengine. Mvua zilikuwa zimezoa mchanga wote, zikaacha mawe ya matumbawe yaliyochongoka na makorongo ya upana wa kiganja. Gari la jirani yangu lilikuwa limetengenezwa kwa njia ya zamani, ile tambarare ya mchanga, na springi zake zilikuwa ngumu. Kwenye mawe yale lilirukaruka, likapinduka, likalala chali magurudumu yakizunguka. Mwuza vipuri wa Mombasa alikuwa ameegemea pikapu yake, akitafuna kashata.

"Maalim, gari lako linasujudu kabla ya imamu!"

Kweli. Kila likiruka likitua, lilitanguliza pua.

"Basi nipe fatwa," nikamwambia.

"Fatwa ni springi laini, na mbele uongeze uzito wa mafuta. Chukua hizi." Akanirushia kikaratasi chenye springi nne nyeupe. "Ukinishinda, nitasema uliniibia."

Sikuzitia siku ile. Kuziba mafuta yaliyovuja ni kutunza, lakini kubadilisha springi je? Nilirudi nazo nyumbani, nikazilaza kando ya gari siku tatu. Mwisho nilijiambia hivi: jirani yangu hakunipa springi, alinipa gari la kushindana. Nguo ikiwekwa wakati wa kiangazi na mvua ikaja, wewe mwenye kuivaa unaifunga vifungo. Nikazitoa zile ngumu moja moja, nikazipaka mafuta, nikazitia katika kopo tupu la dawa ya viatu ili siku yake zirudi mahali pake. Nilitia bismillahi, lakini moyo haukutulia. Tangu hapo kila nilipoliona gari nilijiuliza atasema nini.

Miezi iliyofuata niliifanya kazi ile peke yangu kama tulivyobishana zamani, kitu kimoja kwa siku moja. Leo kimo: viberiti viwili na shilingi moja juu yake, ili tumbo lisikwaruze mawe. Wiki ijayo shoki za nyuma: nikazihamisha vichwa kutoka tundu la nje kwenda tundu la katikati, zikalala kidogo, nyuma ikawa laini zaidi bila ya kubadilisha springi. Nilikosea pia. Nilikuwa nikilijaribu baada ya alasiri, upepo wa bahari ukivuma, nikalipata zuri kabisa. Nikaenda nalo Jumapili saa sita mchana, likawa linachezacheza kama mlevi. Nikarudi nyumbani na chupa yangu na ushanga, nikaiweka chupa juani. Yale mafuta ya saba yalikuwa yamekuwa ya nne. Joto lilikuwa limeyafanya maji. Ilinibidi nianze upya, nikichanganya adhuhuri, jasho likinidondokea daftarini.

Hakuna aliyenizuia nisiharakishe. Wala hakuna aliyeniharakisha. Niligundua kwamba hilo la pili ndilo nililolikosa.

Barua ya pili ilikuja karibu na mwezi wa Shaabani. Alikuwa amesikia kutoka kwa vijana wa hotelini kwamba kuna mashindano makubwa kabla ya Ramadhani. "Nitakuja siku hiyo," aliandika. "Niandikishie gari." Hakuandika kwamba anarudi kukaa. Lakini hakuandika kwamba harudi. Nilichukua panga, nikafyeka njia ya mlangoni kwake, nikang'oa magugu barazani, nikafunga lango lake kwa waya mpya. Mama wa viazi akaniona. Mara hii hakunitania. Aliniletea maji ya kunywa.

Siku ya mashindano niliwahi machimboni, gari limeoshwa, kopo la springi limo katika mfuko wa kanzu. Magari yaliandikwa kumi na moja. Kila gari lingekimbia mara tatu, dakika tano tano, ikihesabiwa mbio yake bora. Saa nne ikafika, yeye hakufika. Mzungu mwenye filimbi akaniuliza dereva yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani. Akatazama saa yake, saa ya betri.

"Endesha mwenyewe, Maalim," mwuza vipuri akasema. "Au wataka tuliombee dua liende peke yake?"

Nikavua viatu, nikapanda juu ya kichuguu cha changarawe walipokuwa wamesimama madereva wote, nikashika rimoti. Mimi si dereva. Vidole vyangu vimezoea kwenda polepole. Filimbi ikalia, magari yote yakanipita, vumbi likaniziba. Lakini lile gari lilishuka kwenye mawe likatulia. Likaruka korongo, likatua kwa magurudumu yote manne kwa pamoja, likaendelea. Magari mawili yalikuwa yamepinduka. Langu lilikwenda kama mtu mzima anayevuka uwanja wa mpira, bila haraka na bila kuanguka.

"Legeza mkono, Maalim. Unaikaba."

Sauti ilitoka nyuma ya bega langu. Niliijua kabla haijamaliza neno. Sikuweza kugeuka, kwa kuwa gari lilikuwa linaingia kona ya mawe, na nikigeuka litapinduka. Nikalegeza mkono. Machozi yakanitoka nikiwa nimekaza macho kwenye gari, na vumbi likanisitiri. Nilimaliza wa saba. Ndipo nikageuka.

Alikuwa amekonda. Amevaa koti, kwa joto lile.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, bwana. Marahaba."

Tulipeana mikono, tukabaki hivyo. Kisha akashuka kichuguuni, akalifuata gari, akachuchumaa. Alifanya nililojua atafanya: aliweka kiganja juu ya mgongo wake, akabonyeza. Likashuka chini, chini kuliko alivyolizoea, likapanda polepole. Akabonyeza tena. Akaona springi ni nyeupe. Akazigusa kwa kidole.

"Hii si ile niliyokuachia."

"Si lile," nikasema. "Nilikuahidi hivi hivi, na sikutimiza. Nililiacha hivi hivi miezi mingi likaanza kufa. Basi nikalifungua." Nikamweleza habari ya nguo ya sufi na nondo, pale pale, watu wakipita na magari yao. Nilikuwa najieleza kama mwanafunzi aliyepoteza msahafu wa chuo.

Alisikiliza hadi mwisho, uso wake hausomeki. Kisha akasema, "Kwa hivyo umekuwa ukivaa sweta yangu."

"Nimeivaa."

"Na ukaikata mikono!" Akacheka, kile kicheko cha kuangusha nati. "Lete rimoti."

Mara ya pili na ya tatu aliendesha yeye. Sijui namna ya kueleza. Kazi yangu ya miezi ilikuwa chini ya vidole vyake, na vidole vyake vilijua pa kwenda. Gari lilipita juu ya mawe kana kwamba mawe yamelainishwa. Mwuza vipuri alimshinda kwa kiasi cha urefu wa gari moja, akatoka akipiga kelele kwamba springi zake zimemsaliti. Tulikuwa wa pili. Sijawahi kuwa wa pili katika jambo lolote la mbio, na namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Baada ya adhuhuri tulikaa katika kivuli cha pikapu, tukila viazi alivyotuletea mama yule, ambaye alikuja akidai amekuja kuuza tu. Jirani yangu akaomba daftari atazame nilivyolitengeneza. Akaligeuza juu chini.

"Maalim, hii ni Kiarabu."

"Ni Kiswahili. Hati tu ndizo za Kiarabu."

"Basi nisomee, niandike."

Nikamsomea. Mbele, mafuta ya subhanallah sita, kwa joto la mchana. Nyuma, tano. Kimo, viberiti viwili na shilingi moja. Akaandika yote, hata subhanallah, na alipofika hapo akaniuliza ihesabiwe kwa haraka ya nani, yangu au yake. Nikamwambia yangu. Nilisoma polepole kuliko ilivyohitajika. Nilijua kurasa zikiisha nitalazimika kuuliza.

Zikaisha.

"Njia ya kwako nimeifyeka," nikasema.

"Nimeona. Nimepita asubuhi, ndiyo maana nimechelewa. Nilikuwa na mtu. Nimemwuzia shamba, Maalim. Tumeandikiana." Akakunja karatasi yake. "Mama watoto akisikia mlango ukigongwa, bado anashtuka. Siwezi kumrudisha hapa."

Viazi vilikuwa vimepoa mkononi. Mwisho nikasema lile nililokuwa nimelibeba, zito kuliko boksi.

"Siku ile uliponiuliza, nilikujibu vibaya."

"Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama tunakufukuza. Nikasema si sisi."

"Si ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli. Lakini nilitakiwa nikwambie usiende."

Akatazama machimbo, mahali walipokuwa wakikusanya bendera. "Ningeenda tu," akasema. Kisha akanigeukia: "Lakini ungesema."

Nikatoa kopo mfukoni, nikamfungulia. Springi zake nne za zamani, zimelala katika mafuta. Nilimwambia nitazirudisha mahali pake sasa hivi, ni kazi ya robo saa, nimekuja na bisibisi. Akafunga kopo kwa kiganja chake.

"Gari naichukua hivi hivi ilivyo," akasema. "Hizi niwekee."

Nilitaka kumwuliza mpaka lini. Sikumwuliza. Alilitia gari ndani ya boksi, akalifunga kwa kamba ya katani, akanikumbatia kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili una boksi. Mwuza vipuri akampa lifti hadi feri.

Sasa kila mwezi unapoandama nalifungua kopo, nazifuta springi, nazipaka mafuta mapya ya cherehani, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Nazibonyeza kwa kidole moja moja, zipate kufanya kazi. Upande wa pili wa ua kuna watu wengine, wema, wanaokohoa kwa namna nyingine. Huwasalimu. Na mara hii nimewakaribisha ndani.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie ulicho nacho na akurudishie uliyempoteza, akutie ulimini neno linalofaa kabla lori halijaondoka, na akupe jirani wa kukuharakisha. Amina.